Damu ya Ndugu Yangu Haikuweza Kusema Peke Yake

Yako maneno ambayo yakimwangukia mtu hayamtoki tena. Neno "mwizi" ni mojawapo. Neno "kifafa" ni la pili. Hili la pili lilimwangukia mdogo wangu wa kiume, konstebo wa polisi, asubuhi moja katika uwanja wa gwaride huko Mbale. Alilala chini kwa muda usiozidi nusu dakika, lakini neno lilimlalia kwa majuma matatu.

Mimi ni binti wa askari. Nilizaliwa na kulelewa katika laini za polisi za Jinja, mahali ambapo watoto wa Kisoga, wa Kigisu, wa Kiacholi na wa Kiteso hucheza pamoja kwa Kiswahili kabla hawajapata lugha nyingine ya kuwaunganisha. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka saba, na sasa ni mtumishi wa serikali katika mambo ya elimu. Si daktari. Nayaandika haya kwa sababu nilikosea mara mbili, na makosa yangu yaweza kumfaa mtu mwingine.

Siku hiyo nilikuwa kazini Jinja. Simu ikalia, nikasikia sauti ya wifi yangu ikitetemeka.

"Wifi, njoo upesi. Ameanguka gwarideni mbele ya watu wote. Wanasema ni kifafa."

Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la abiria. Njia ya kwenda Mbale hupita Iganga, kisha hukata kushika barabara ya Tirinyi, kati ya mashamba ya mpunga na vinamasi. Tulipopita Iganga nilikumbuka jambo nililowahi kulisoma. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Iganga na Mayuge, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba watu 10 hivi katika kila 1,000 walikuwa na kifafa chenye mitukutiko kilichokuwa kikiendelea. Nilijiambia: kumbe katika kila kijiji kikubwa yumo mmoja au zaidi, na huenda kijiji hakimtaji. Sasa zamu yetu imefika.

Nilifika laini za polisi jua likizama nyuma ya miti, mlima Wanale umeanza kuwa mweusi. Mdogo wangu alikuwa ameketi nje juu ya kigoda, peke yake. Watoto wa majirani, ambao kila jioni humrukia magotini, walikuwa wameitwa ndani.

"Shikamoo, dada," alisema. Kisha akanionyesha kikombe cha bati kilichowekwa juu ya dirisha. "Tazama. Hata kikombe changu kimetengwa."

Ndani nilimkuta wifi akimnyonyesha mtoto, macho mekundu. Mama yake alikwisha tuma habari kwamba binti na mjukuu warudishwe nyumbani mpaka mambo yajulikane. Mkubwa wake wa kazi, kwa haki kabisa, alikuwa amemwondolea bunduki na zamu ya usiku mpaka daktari aseme neno. Hatukuweza kumlaumu, kwa kuwa mtu asiyejua atapoteza fahamu saa ngapi hapaswi kushika silaha, wala kuendesha gari, wala kupanda mlingoti, wala kuogelea. Lakini uliza yeyote aliyewahi kukaa kambini: askari asiye na silaha huanza kutembea kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba kipo kipimo cha damu kinachotofautisha kifafa na kuzimia kwa kawaida. Nikasema moyoni: watu husengenya, damu haisengenyi. Siku ya tatu tangu aanguke nikampeleka kwenye zahanati moja ya kulipia. Wakamtoa damu, wakachukua fedha zangu, ambazo hazikuwa kidogo, na baadaye wakanipa karatasi. "Homoni iko sawa," wakaniambia. "Hana kifafa." Nilitoka pale nimeinua karatasi ile kama mtu aliyeshinda kesi.

Mkubwa wake aliisoma, akaikunja taratibu, akanirudishia. "Mwalimu, nafurahi pamoja nawe. Lakini mimi nahitaji neno la daktari, si karatasi." Basi tukaenda kwa daktari katika hospitali ya serikali. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyeharakisha maneno. Akaitazama karatasi, akauliza maswali mawili tu.

"Alianguka lini?"

"Jumatatu, saa tatu asubuhi."

"Na damu ilitolewa lini?"

"Jumatano, adhuhuri."

Akaiweka karatasi mezani. "Mwalimu, karatasi hii haimtetei ndugu yako, wala haimshtaki. Haisemi kitu."

Nilihisi uso ukinichoma. Naye, kwa kuwa alinisikia nikiitwa mwalimu, akanifundisha kama mwalimu anavyostahili kufundishwa, kwa sababu na mfano.

Alisema kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa, pamoja na vitu vingine, homoni iitwayo prolaktini, ile ile inayomwezesha mama kupata maziwa ya kunyonyesha. Kifafa kikubwa kinapoushika ubongo, msukosuko huo huweza kuigusa tezi hiyo, na prolaktini ikamwagika katika damu. Mwaka 1978 daktari Michael Trimble wa London ndiye aliyetangaza kwamba jambo hili laweza kuwasaidia matabibu kutenganisha kifafa na maanguko yatokanayo na uzito wa moyo. Tangu hapo wengi wamelichunguza, na mwaka 2005 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kilipima uchunguzi wote huo na kutoa mwongozo.

Mwongozo wenyewe una masharti. Damu itolewe dakika 10 hadi 20 baada ya tukio. Ilinganishwe na damu nyingine ya mtu yule yule, iliyotolewa akiwa ametulia, saa sita au zaidi mbali na tukio. Ikiwa ile ya kwanza imepanda mara mbili au kuzidi, hapo tabibu ana sababu ya kufikiri kifafa. Baada ya saa kadhaa homoni hurudi mahali pake, kama unyayo katika umande unaofutika jua likichomoza. Sisi tulikwenda kuutafuta unyayo siku ya tatu.

"Tena," akaendelea, "hata ukiwahi, damu haitoi hukumu. Katika vifafa vikubwa kumi, homoni hupanda katika sita hivi. Hao wanne wengine wana kifafa nao damu yao imetulia. Upande wa pili, mtu aliyezirai tu, damu ilipopungua kichwani, naye prolaktini yake yaweza kupanda. Kwa hiyo kipimo hiki hakitenganishi kifafa na kuzirai. Kazi yake ni kusaidia kutenganisha kifafa na yale maanguko ya moyo. Na mama anyonyeshaye, au mja mzito, au mgonjwa anayetumia baadhi ya dawa za akili, huwa na homoni hiyo nyingi hata kama hajaanguka kamwe."

Nikauliza kama hakuna kipimo kingine cha damu. Akasema vipo viwili vya kusaidia. Asidi ya laktati hupanda msuli unapofanya kazi kwa nguvu bila hewa ya kutosha, nayo hushuka tena baada ya saa moja au mbili. Kipo pia kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinasi, ambacho hupanda polepole na kubaki juu kwa siku moja au zaidi. "Lakini wewe ni mtoto wa askari," akatabasamu. "Kuruta aliyekimbia na mzigo mgongoni jana, au aliyepigwa sindano ya msuli, kimeng'enya chake kiko juu bila kifafa chochote."

Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

"Nani alimwona akianguka?"

Tukatazamana. Mimi nilikuwa Jinja. Wifi alikuwa jikoni. Mdogo wangu mwenyewe, bila shaka, hakujiona.

"Ninyi ni watu wa polisi," daktari akasema bila ukali. "Mmeniletea damu, mkamwacha shahidi nyumbani."

Kesho yake tulirudi na koplo mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya mdogo wangu katika mstari ule. Aliketi wima kama aliye mahakamani, akajibu kila swali. Jua lilikuwa kali. Walikuwa wamesimama kwa muda mrefu wakimngoja mgeni. Kijana alikuwa ametoka zamu ya usiku, hakunywa chai wala maji. Kabla ya kuanguka aliyumba kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Afande, naona giza." Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, uso umepauka kama majivu. Hakukakamaa, alilegea kama gunia linaloteremshwa begani. Alipokwisha lala chini mikono ilitikisika mara nne au tano, ndipo mtu mmoja akapiga kelele, "Kifafa!" na wengine wakakimbia.

"Ilichukua muda gani?"

"Daktari, sikufika hata kuhesabu ishirini."

"Alipoamka alisema nini?"

Koplo akacheka kidogo. "Aliuliza nani kachukua kofia yake. Akanitaja kwa cheo na kwa jina."

Hakuuma ulimi, hakujikojolea, hakulala usingizi mzito baadaye, hakuamka na misuli inayouma. Daktari akaandika yote. Kisha akatuambia jambo ambalo, laiti lingebandikwa katika kila ubao wa matangazo wa kambi. Mwaka 1994 huko Berlin, madaktari waliwazimisha kwa makusudi vijana wenye afya waliokubali kushiriki, wakawapiga picha za sinema. Katika 42 waliopoteza fahamu kabisa, 38 walitikisika viungo. Hawakuwa na kifafa. Ubongo ukikosa damu kwa nukta chache hufanya hivyo. Kwa hiyo kutikisika peke yake si ushahidi.

Halafu damu ikatolewa tena, safari hii kwa swali linaloeleweka. Walitazama sukari, vijidudu vya malaria na wingi wa damu. Walimpima shinikizo la damu amelala, kisha amesimama. Walipima mapigo ya moyo kwa mashine, kwa kuwa kuzirai kwingine hutoka kwenye moyo wenyewe, na huko ndiko kuliko na hatari ya kifo, hasa ikiwa katika ukoo wako watu waliokufa ghafla wakiwa vijana, au ikiwa mtu huanguka katikati ya mbio. Mdogo wangu alikuwa salama. Neno la daktari lilikuwa fupi: alizirai kwa jua, njaa, kiu na kukosa usingizi. Baada ya majuma matatu alirudishiwa silaha yake. Kikombe kilirudi kabatini bila mtu kusema lolote, na mama mkwe alileta kuku.

Ningependa kuishia kwenye kuku huyo. Lakini jioni ile, nilipokuwa narudi Jinja, kosa langu la pili lilipanda gari pamoja nami. Hilo ni la zamani.

Nilipokuwa mwalimu kijana, darasa langu lilikuwa na mvulana wa miaka minane, mwerevu, ila alikuwa na tabia iliyonikera. Katikati ya somo alinyamaza, macho yameganda, kope zikipepesa, kalamu imesimama hewani. Ukimwita hakuitika. Baada ya nukta kumi hivi aliendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku nyingine ilitokea mara nyingi kabla ya mapumziko. Niliita jambo hilo kiburi. Nilimpigisha magoti nje ya mlango. Katika ripoti yake niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Hasikilizi."

Yule hakuanguka wala kutikisika, na ndiye aliyekuwa na kifafa. Kuna aina ya kifafa ambayo humnyang'anya mtoto fahamu kwa nukta chache tu, mara nyingi kwa siku, na hukaa amesimama wima au ameketi. Aina hiyo hata prolaktini haiipandishi. Mashine isomayo umeme wa ubongo ndiyo huionyesha, lakini hutumwa huko na mtu mzima aliyeona na kueleza. Mimi niliona kila siku, sikueleza. Mwingine ndiye aliyegundua, muuguzi aliyekuja kuchanja watoto, akasimama mlangoni pangu dakika tano tu.

Mtoto alipewa dawa, akaendelea vizuri. Nilikutana na mama yake sokoni Jinja miaka kadhaa baadaye. Nilipotaka kuomba radhi alinishika mkono. "Mwalimu, hata sisi nyumbani tulimchapa," alisema. Sijui kama alitaka kunifariji. Sikufarijika.

Tazama basi, msomaji. Mmoja hakuwa na kifafa, naye alipewa jina hilo kwa kelele ya mtu mmoja. Wa pili alikuwa nacho, akaitwa mwenye kiburi. Wote wawili walihitaji kitu kimoja kabla ya maabara: mtu wa kutazama kwa utulivu na kusema alichokiona.

Wala sisemi damu ni bure. Mtu akianguka kwa mitukutiko, kwanza damu yake ipimwe sukari, kwani sukari iliyoshuka mno huangusha na hata kuua, nayo hutibika kwa dakika chache. Ipimwe malaria, hasa kwa mtoto mwenye homa, maana degedege la malaria si la kungojea asubuhi. Yako maradhi ya chumvi ya mwili kupungua. Yuko tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakiingia mwilini kwa uchafu, viluwiluwi vyake huweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Na kwa wale wanaozoea waragi kila siku kisha wakaiacha ghafla, mitukutiko huweza kuwajia katika siku mbili za mwanzo. Mweleze daktari kweli. Hakuulizi ili akushtaki.

Na liko lile anguko la moyo. Askari aliyeona mambo mazito, mama aliyefiwa, msichana aliyeonewa asiweze kusema, huweza kuanguka na kujitupatupa kwa muda mrefu, macho yamefumbwa kwa nguvu, na ubongo wake hauna kifafa. Huyu hajifanyi. Hajachagua kuanguka. Lakini vidonge vya kifafa havitamponya. Atapona kwa kusikilizwa na wenye ujuzi. Hapo ndipo ile damu ya dakika 20, ikipatikana, huweza kusaidia kweli.

Nikiwa mwalimu siwezi kuacha bila kuandika ubaoni. Mtu akianguka karibu nawe:

1. Tazama saa. Mitukutiko ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

2. Ondoa vitu vigumu na moto karibu naye. Sigiri yenye makaa imewaunguza wengi. Weka nguo laini chini ya kichwa.

3. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole kinywani. Usimnyweshe kitu. Usimkandamize.

4. Mitukutiko ikikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke. Kama amezirai tu, mlaze chali, uinue miguu yake.

5. Usimkimbie. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kikombe.

6. Kumbuka na uandike: alikuwa akifanya nini, alisema nini kabla, uso ulikuwa na rangi gani, alikakamaa au alilegea, ni upande gani ulianza, muda gani, aliamka vipi. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha za tukio kwa ajili ya daktari peke yake, si kwa ajili ya kuwasambazia watu.

7. Damu ikitolewa, iandikwe saa ya tukio na saa ya kutolewa. Bila saa hizo mbili, matokeo ya homoni hayana maana.

Na daktari akisema kwamba ni kifafa kweli, dunia haijafika mwisho. Vidonge viko, vingine vya zamani na vya bei nafuu, na wengi wanaovitumia kila siku bila kuruka hupata nafuu kubwa au huacha kabisa kuanguka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mdogo wangu bado yuko kazini Mbale. Kabla ya kila gwaride refu, koplo yule hupita nyuma ya mstari akiwauliza vijana kama wamekunywa maji. Nami, kila ninapozuru shule kwa kazi yangu, huwaambia walimu wapya habari za mvulana aliyeganda kalamu mkononi. Siwaambii jina lake. Nawaambia jina la mwalimu.